Neno Dogo Lenye Kazi Kubwa

Gari la pikapu unalijua. Linapita barabara ya Lusahunga kwenda Ngara, limejaa ndizi, mahindi na watu. Lakini jina lake limetoka wapi? Limetoka kwenye maneno mawili ya Kiingereza, "pick" na "up". "Pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua. "Up" ni juu. Yakishikana, "pick up" ni kuinua kitu kutoka chini, au kumpitia mtu na kumchukua. Ndiyo kazi ya gari lile.

Chukua neno jingine, nokauti. Tunalisikia redioni bondia anapoangushwa. "Knock" ni kugonga. "Out" ni nje. "Knock out" ni kumpiga mtu hata asiweze kuendelea. Basi, maneno ya namna hii tunayo midomoni siku nyingi.

Leo tunataka kueleza maneno haya ya Kiingereza yanayokwenda mawili mawili. Kwa nini tuyajue? Hapa kwetu Kiingereza kiko karibu. Jirani zetu wa Rwanda waliamua mwaka 2008 kufundisha shule zao kwa Kiingereza, na daraja jipya la Rusumo, lililozinduliwa rasmi mwaka 2016, linatuunganisha nao. Watoto wetu wakiingia sekondari, masomo mengi ni kwa Kiingereza. Tena dawa nyingi za shambani zina maandishi ya Kiingereza.

KITENZI NA MWENZAKE

Neno la kwanza huwa ni kitenzi, yaani neno la kutenda. La pili ni neno dogo tu: juu, chini, nje, ndani, mbali, nyuma. Lakini hilo dogo ndilo linalogeuza maana yote.

Tazama kitenzi "turn". Maana yake ni kuzungusha au kugeuza. Sasa sikiliza:

"Turn on the radio." Washa redio.
"Turn off the radio." Zima redio.
"Turn up the radio." Ongeza sauti ya redio.
"Turn down the radio." Punguza sauti ya redio.

Kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni neno dogo. Tena angalia, "turn down" ina maana nyingine: kukataa. Ukiomba mkopo ukanyimwa, Mwingereza atasema ombi lako limekuwa "turned down". Hapo hakuna redio wala sauti.

Kitenzi "give" ni kutoa au kumpa mtu. "Give back" ni kurudisha. "Give out" ni kugawa, kama mwuguzi anavyogawa dawa. "Give up" je? Ni kuacha kabisa, au kukata tamaa. "He gave up smoking" maana yake ameacha kuvuta sigara.

NA KISWAHILI CHETU JE?

Usiseme Kiingereza kina vituko. Kiswahili nacho kina mambo yake. Tunasema funga mlango, na fungua mlango. Maana zimepingana, lakini maneno yanafanana. Tunapakia mzigo, tunapakua mzigo. Tunakunja mkeka, tunakunjua mkeka. Sisi tunabadilisha mkia wa neno. Wao wanaweka neno dogo pembeni. Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza ni ndugu wa Kiswahili, navyo hucheza na mkia vivyo hivyo. Hebu jaribu kwa lugha ya nyumbani kwako, utaona.

Tena tunasema piga simu, piga pasi, piga kura, piga magoti. Mgeni akitafsiri neno kwa neno, atadhani tunaichapa pasi kwa fimbo! Kumbe sisi tunajua kwamba "piga pasi" ni jambo moja. Na Kiingereza ni hivyo hivyo. Maneno mawili, jambo moja.

PENYE HATARI

Hapa tunaomba msomaji uwe macho. Kosa la neno dogo laweza kuleta msiba.

Kitenzi "keep" ni kuweka au kutunza. Mtu akiona kibao kimeandikwa "KEEP OUT", anaweza kufikiri: tunza, nje. Labda ni mahali pa kuweka mizigo nje! Sivyo. Maana yake ni USIINGIE. Kibao hicho huwekwa penye mitambo ya umeme au kwenye uzio wa mgodi. Ukikiona, rudi.

Kwenye kopo la dawa ya kuulia dumuzi au wadudu wa pamba utakuta "Keep out of reach of children". Hapo wanasema: weka mahali ambapo mtoto hawezi kufikia. Si kuweka nje ya nyumba. Ukiiweka nje uani, umempelekea mtoto. Pia utakuta "wash off". "Wash" ni kuosha. "Wash off" ni kuosha mpaka dawa yote itoke mwilini. Kujimwagia maji kidogo hakutoshi. Usipoelewa maandishi, muulize bwana shamba kabla ya kufungua kopo.

Na katika mambo ya fedha? "Pay back" ni kurudisha ulichokopa. "Pay off" ni kumaliza deni lote, lisibaki hata senti. Mtu aliyerudisha kidogo bado hajamaliza. Ukiletewa karatasi ya Kiingereza, usitie sahihi wala dole gumba mpaka usomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na mtu unayemwamini.

LIKAE WAPI?

Neno dogo linaweza kuhama. Waingereza husema "turn off the radio" au "turn the radio off". Zote sawa. Lakini wakitumia "it" badala ya kutaja redio, ni lazima "it" ikae katikati: "turn it off". Haisemwi "turn off it". Sisi tunasema izime. Ile "i" ya mwanzo ndiyo "it" yao.

Yapo mengine hayakubali kutenganishwa. "Look" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "She looks after the cows" maana yake anatunza ng'ombe. Mtoto wako akisema ni kutazama baada ya ng'ombe, mcheke kidogo, halafu mweleze.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Usijifunze neno dogo peke yake. Liandike pamoja na kitenzi chake, katika sentensi fupi ya kazi yako mwenyewe. Mawili kwa siku yatosha. Kama shuleni kuna kamusi, kwa mfano ile ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI iliyotoka mwaka 1996, tafuta kitenzi kwanza, kisha soma chini yake. Na mtoto aliye sekondari akusaidie. Si aibu mzazi kufundishwa na mwanawe.

JARIBU MWENYEWE

Funika majibu kwa mkono, kisha soma:

1. Turn off the lamp.
2. I am looking for my hoe.
3. He gave back the bicycle.
4. Fill in the form.
5. Keep out!

Majibu: 1. Zima taa. 2. Ninatafuta jembe langu. 3. Alirudisha baiskeli. 4. Jaza fomu. 5. Usiingie!

Ukipata yote, mfundishe jirani. Ukikosa mengine, rudia kesho. Lakini hilo la tano, usilale bila kulijua.