Daktari wa Meno Aliyekuwa Gavana

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, saa tatu usiku ni saa ya kuvua meno. Wengi wa ninaowahudumia wana meno ya bandia. Nayapokea, nayasugua kwa brashi laini, nayatia katika kikombe cha maji kilichoandikwa jina la mwenyewe, nafunika, naenda chumba kinachofuata. Mwaka juzi alikuwapo mzee mmoja aliyetumikia migodi ya chuma kaskazini mwa jimbo hili la Minnesota tangu ujana wake. Alikuwa amebakiwa na gego moja la chini, lake mwenyewe, limezibwa kwa madini ya rangi ya fedha. Kila nilipomfikia alinifungulia kinywa na kunionyesha. "Hili usiniguse," akasema. "Hili alinitengenezea gavana."

Nilidhani ni uzee. Nikamwitikia, "Sawa, mzee wangu," nikaendelea na kazi. Aliporudia mara ya tatu nilimsimulia binti yangu nyumbani, akafungua simu yake, na kabla sijavua viatu akaniambia, "Mama, mzee hakosei."

Rudy Perpich alikuwa daktari wa meno katika mji wa Hibbing, na ndiye aliyeongoza Minnesota kwa muda mrefu kuliko gavana mwingine yeyote: kuanzia mwisho wa 1976 hadi mwanzo wa 1979, kisha tena kutoka 1983 hadi 1991. Usiku ule sikulala mapema. Nimeishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, tangu 2009, nimelipa kodi hapa, nimezaa hapa, na sikuwahi kujiuliza watu wanaotutawala walikuwa nani kabla ya kututawala.

Niseme nilikotoka ili msomaji anielewe. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Utotoni mwangu hatukuwa na gavana. Tulikuwa na mkuu wa mkoa, aliyeteuliwa Nairobi na kuletwa kwetu akiwa amevaa magwanda, nasi hatukumjua wala yeye hakutujua. Magavana wa Kenya walikuja na katiba ya 2010, wakachaguliwa mara ya kwanza mwaka 2013, 47 kwa pamoja, na wa Mombasa, Hassan Joho, alikuwa ametoka kuwa mbunge wetu wa Kisauni. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Kwa hiyo neno gavana nimejifunzia ugenini.

Huku Marekani gavana ni mtu mzito. Majimbo ni 50, kila moja lina katiba yake na bunge lake, na gavana ndiye mkuu wa serikali ya jimbo. Anatia saini sheria au anazikataa, anaandaa bajeti, anateua majaji katika majimbo mengi, na ndiye kamanda wa askari wa akiba wa jimbo, wale wanaoitwa Walinzi wa Taifa. Theluji ikiua watu au mto ukifurika, yeye ndiye anayetazamwa. Karibu majimbo yote humpa miaka minne; New Hampshire na Vermont humpa miwili tu. Na marais 17 wa nchi hii walikuwa magavana kwanza, akiwemo Jimmy Carter, mkulima wa njugu wa Georgia, na Ronald Reagan, mwigizaji wa filamu aliyeiongoza California.

Sasa nirudi kwa daktari wangu wa meno, maana yeye ndiye aliyenivuta.

Perpich alizaliwa 1928 katika kambi ya wachimbaji karibu na Hibbing. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Croatia, mchimba chuma. Nyumbani walizungumza Kikroeshia, na Kiingereza mtoto alikutana nacho alipoanza shule. Habari hiyo niliisoma mara mbili. Nilimkumbuka binti yangu siku yake ya kwanza ya chekechea, alivyomwambia mwalimu "nataka maji" kwa Kiswahili, mwalimu akatabasamu na kumpa penseli.

Hibbing ni mji wa ajabu kidogo. Chuma kiligunduliwa chini ya nyumba za watu, basi mji wenyewe ukahamishwa ili shimo lipanuke. Lakini kodi ya migodi ilijenga pale shule ya sekondari ya fahari, yenye ukumbi wa taa za vioo kama wa jumba la maonyesho. Mtoto wa mchimbaji alisoma humo, akajiunga na jeshi kwa muda mfupi, akasoma chuo cha hapohapo mjini, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Marquette, Wisconsin, akatoka 1954 akiwa daktari wa meno. Akarudi kwao kufungua kliniki. Kufikia 1956 alikuwa amechaguliwa kuingia bodi ya shule za Hibbing.

Bodi ya shule ni ule mkutano wa jioni ambapo watu saba au wanane wanazungumzia mabasi, paa linalovuja na mishahara ya wapishi. Hapo ndipo alipoanza. Mwaka 1962 akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo. Baadaye ndugu zake wawili nao wakaingia Seneti hiyohiyo. Mwaka 1970 akachaguliwa naibu gavana. Halafu bahati ikagonga mlango kwa namna isiyo ya kawaida. Novemba 1976 Walter Mondale, seneta wa Minnesota kule Washington, alichaguliwa kuwa makamu wa rais, kiti chake kikawa wazi, gavana wa wakati huo, Wendell Anderson, akajiuzulu ili apewe kiti hicho, na naibu wake, daktari wa meno wa Hibbing, akaapishwa kuwa gavana. Wananchi hawakufurahia ule mpango. Mwaka 1978 waliwaondoa wote wawili kwa kura. Perpich akaenda kufanya kazi ya biashara Vienna, akarudi, akagombea 1982, akashinda.

Kipindi hicho cha pili ndicho kilichoingia nyumbani kwangu bila mimi kujua. Mwaka 1985 alisimamia sheria inayomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo huku jimbo likilipa ada na vitabu. Minnesota ilikuwa ya kwanza nchini kufanya hivyo. Binti yangu yuko darasa la 11, na mara tatu kwa wiki anasoma North Hennepin, chuo kilicho hapahapa Brooklyn Park. Baiolojia ya chuo, uandishi, hesabu. Sijalipa hata senti. Nilikuwa nikidhani ni ukarimu wa shule. Kumbe ni mtoto wa mchimbaji, aliyeingia darasa la kwanza hajui Kiingereza, aliyeshikilia kwamba mlango wa chuo usimsubiri mtoto hadi apate pesa. Sitaki kudai kwamba kila sheria inatokana na utoto wa mtu. Ila hii, mimi siwezi kuitenganisha na ile kambi ya migodini.

Na chuo hichohicho cha North Hennepin kilimpitisha gavana mwingine, asiyefanana na Perpich hata kidogo. Jesse Ventura alizaliwa Minneapolis 1951 kwa jina la James Janos. Alikuwa mpiga mbizi wa jeshi la wanamaji wakati wa vita vya Vietnam, akarudi, akasoma hapo North Hennepin kama mwaka mmoja, akaacha na kuwa mwanamieleka wa kulipwa, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na skafu za manyoya. Huyu wengi nyumbani wamemwona bila kujua: yumo katika filamu ya Predator ya 1987, pamoja na Arnold Schwarzenegger, ambaye naye alikuja kuwa gavana wa California. Mwaka 1990 Ventura alikasirishwa na mpango wa ujenzi uliotishia kinamasi cha mtaani kwake, akagombea umeya wa Brooklyn Park, akamshinda meya aliyekaa miaka mingi. Mwaka 1998 akagombea ugavana kwa tiketi ya chama kidogo dhidi ya vigogo wawili, akapata kura asilimia 37 na kuwaacha wote nyuma. Minnesota mtu anaweza kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, na vijana wengi walijitokeza siku hiyo, wakajiandikisha, wakampigia.

Mume wangu hunicheka, lakini tangu nilipojua hayo, ninapopita ofisi za mji wetu kulipia maji, nalitazama jengo kwa macho mengine.

Kwa sheria ya Kenya, Ventura asingeweza kugombea. Kwetu gavana lazima awe na shahada ya chuo kikuu. Nina marafiki wanaoitetea kanuni hiyo kwa nguvu, wanasema kaunti ni mali ya mabilioni, haiwezi kupewa mtu asiyesoma. Naielewa hoja yao, na kweli imetuletea watu kama Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyeiongoza Makueni kwa mihula miwili. Lakini nilipokuwa nikiwasoma magavana wa zamani wa Minnesota nilimkuta John A. Johnson, aliyeingia madarakani 1905. Baba yake alikuwa mlevi aliyeiacha familia. Mama yake alifua nguo za watu, naye mtoto akaacha shule mapema ili amsaidie. Baadaye akawa mhariri wa gazeti la mji wake, St. Peter, kisha gavana kwa mihula mitatu hadi alipofariki 1909. Mama yangu mimi alifua nguo za watu Nyali. Siwezi kukubali kwamba mtoto wa yule mama alipaswa kuzuiwa mlangoni kwa kukosa karatasi.

Walioishika Minnesota wametoka kila pembe, ingawa sheria ndiyo kazi iliyotoa wengi zaidi, kama ilivyo katika majimbo mengi. John Lind, mzaliwa wa Sweden, alikuwa amepoteza mkono wa kushoto katika kiwanda cha mbao akiwa kijana. Harold Stassen, mwendesha mashtaka, alichaguliwa 1938 akiwa na miaka 31. Al Quie, aliyemshinda Perpich, alikuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa. Tim Pawlenty, mwanasheria, ni mtoto wa dereva wa lori, alifiwa na mama akiwa na miaka 16. Aliyempokea, Mark Dayton, alizaliwa katika ukoo wa matajiri walioanzisha maduka ya Target, na bado katika ujana wake alikwenda kufundisha shule ya serikali New York.

Kufundisha ndiko kulikomtoa Tim Walz pia, aliyeapishwa Januari 2019. Alijiunga na Walinzi wa Taifa akiwa na miaka 17, akakaa humo miaka 24, na kazi yake ya kila siku ilikuwa mwalimu wa jiografia na kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani katika shule ya Mankato West. Kabla ya Mankato alifundisha Alliance, mji mdogo wa Nebraska. Huko, mwaka 1993, aliwapa wanafunzi kazi: wachunguze mauaji ya halaiki yaliyopita, wapime hali zilizoyazaa, halafu watafute ni nchi gani duniani iliyo hatarini. Watoto wale wa mashambani walitaja Rwanda. Mwaka uliofuata ikawa. Mfanyakazi mwenzangu ni Mnyarwanda. Nilipomsimulia, alikaa kimya, kisha akaniuliza kama watoto wale walimwandikia mtu yeyote barua.

Machi 2023 mwalimu huyo alitia saini sheria ya kuwapa watoto wote wa shule kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Watu wanabishana juu ya gharama yake, na wana haki ya kubishana. Mimi nasema tu kwamba mtu aliyesimama darasani saa tano asubuhi mbele ya mtoto mwenye njaa anajua kitu ambacho bajeti haikionyeshi.

Liko jambo linaloniuma. Katika orodha yote hiyo hamna mwanamke. Wyoming ilimwapisha Nellie Tayloe Ross mwaka 1925, karne nzima iliyopita. Kenya, iliyoanza na wanaume watupu mwaka 2013, ilichagua wanawake saba kuwa magavana mwaka 2022. Minnesota imekuwa na manaibu gavana wanawake mfululizo tangu 1983, na haijawahi kumpa hata mmoja wao kiti chenyewe kwa kura.

Binti yangu alinisomea masharti kutoka katiba ya jimbo: uwe raia wa Marekani, uwe na miaka 25, uwe umeishi Minnesota mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Basi. Rais lazima awe raia wa kuzaliwa. Gavana si lazima. Schwarzenegger alizaliwa Austria, Jennifer Granholm wa Michigan alizaliwa Kanada. Na Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo kutoka hapahapa Brooklyn Park. Kanisani kwa jirani zangu Wakisii siku hiyo walipika kana kwamba ni arusi.

Yule mzee wa migodini alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mwezi uliofuata, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda kwenye mkutano wa bodi ya shule kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii. Ukumbi ulikuwa na viti vingi, watu hatukufika ishirini. Nilijiandikisha mlangoni kuzungumza, nikapewa dakika tatu na namba nne. Nilikuwa nimeandika maneno yangu nyuma ya ratiba ya zamu: kwamba watoto wanaosoma chuoni kwa sheria ya 1985 hawana basi la kuwatoa shule kuwapeleka huko, na wazazi tunaofanya kazi usiku tunawapeleka tukiwa tunasinzia usukani. Mikono ilinitetemeka. Mwanamke mmoja wa bodi aliandika kitu, akanyanyua macho, akaniuliza ni watoto wangapi. Nilikuwa nimewahesabu. Nikamwambia.