Sungura wakizaa bila kutarajiwa, watoto wapelekwe wapi?

KATIKA nyumba nyingi za mijini habari ya sungura huanza kwa namna moja. Mzazi hununua sungura wawili sokoni kwa ajili ya watoto wake, muuzaji akamhakikishia kuwa wote ni majike, na baada ya miezi michache watoto wa nyumba huamka asubuhi wakakuta pembeni mwa banda fungu la manyoya linalotikisika. Chini yake wamo viumbe sita, saba au wanane, wekundu, wasio na manyoya, macho yamefumba. Watoto hushangilia. Mzazi hubaki na swali moja: hawa wote watakwenda wapi?

Kabla ya swali hilo kujibiwa, lipo jambo lisiloweza kusubiri hata siku moja. Yule mmoja kati ya wawili ambaye sasa amekwisha kujulikana kuwa ni dume lazima atolewe bandani mara moja. Sungura jike huweza kupandwa na kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa, na mimba ya sungura huchukua takriban siku 31. Maana yake ni kwamba familia inayochelewa kuwatenganisha huweza kupata uzao wa pili kabla watoto wa kwanza hawajatimiza wiki tano. Mara nyingi, wakati watoto wanapogunduliwa, dume huwa ameshafanya kazi yake, hivyo ni busara kuhesabu siku 31 tangu siku ya kuzaa na kuandaa banda la pili mapema, hata kama dume ametengwa.

Kumhasi dume ni jambo jema, lakini watu wengi husahau kuwa dume aliyehasiwa huendelea kuwa na uwezo wa kutia mimba kwa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji. Anayerudishwa kwa mkewe wiki iyo hiyo huwa amehasiwa bure. Aidha, si kila daktari wa mifugo amezoea kumfanyia sungura upasuaji, na dawa za usingizi humdhuru kiumbe huyu kwa urahisi. Mwenye sungura hana budi kuuliza waziwazi kama daktari amewahi kuifanya kazi hiyo kwa sungura, wala asiridhike na jibu kwamba amehasi mbwa na mbuzi wengi.

Watoto wenyewe hawahitaji mengi katika siku za mwanzo, na madhara mengi hutokana na huruma iliyozidi. Mama sungura hanyonyeshi mfululizo kama paka. Huingia kiotani mara moja au mbili kwa siku, hunyonyesha kwa dakika chache, kisha huondoka na kukaa mbali. Watu wasiojua hilo hudhani amewatelekeza watoto wake, nao huanza kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Wengi hufa kwa maziwa hayo. Kipimo sahihi ni tumbo: mtoto aliyenyonya huwa na tumbo la mviringo lililojaa, na aliye na njaa huwa na ngozi iliyokunjamana. Inatosha kuwakagua mara moja kwa siku, kwa mikono safi, na kumtoa aliyekufa. Maji ya mama yasikauke hata kidogo, kwa kuwa jike mwenye kiu au hofu huweza kuwaua watoto wake mwenyewe.

Macho hufumbuka karibu na siku ya kumi. Kufikia wiki ya tatu watoto hutoka kiotani na kuanza kuonja nyasi. Huo ndio wakati ambapo huwa wazuri kupita kiasi, na ndio wakati ambapo majirani huanza kuja kuomba. Wasipewe. Tumbo la sungura mchanga huwa bado linazoea kuhama kutoka kwenye maziwa kwenda kwenye majani, na mtoto anayehamishwa katika kipindi hicho hupata kuhara ambako humuua kwa siku moja au mbili. Wiki nane ndio umri unaofaa kuhamia nyumba mpya. Iwapo uzao wa pili umewahi, watoto wa kwanza watengwe na mama katika wiki ya nne au ya tano, lakini wakae pamoja katika banda lao hadi wiki nane zitimie.

Wiki hizo nane si za kukaa bure. Ndizo za kutafuta watu.

Katika kutafuta huko, neno la kwanza linalopaswa kusemwa bila kuzunguka ni hili: sungura anatolewa afugwe, au anatolewa awe kitoweo? Katika Afrika Mashariki sungura ni vyote viwili. Nyama yake huliwa na wengi, na kuna vijana waliojipatia kipato kwa kuwafuga kibiashara. Wapo pia wasioila: Waadventista Wasabato hawaigusi kwa kufuata kitabu cha Mambo ya Walawi, na Waislamu wa madhehebu ya Shia huiona kuwa haramu, ilhali Wasuni huihalalisha. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Aibu ni pale mtoto wa darasa la tatu anapoahidiwa kwamba sungura wake amekwenda kuishi kwa mjomba, kisha anakwenda huko siku ya sikukuu na kumkuta sahanini. Anayetoa sungura wa kufugwa amwambie mpokeaji hivyo mbele ya watoto, na mpokeaji akubali au akatae.

Njia mojawapo ya kuwachuja waombaji ni kutowatoa bure. Kiasi kidogo cha fedha, hata kama ni pungufu ya bei ya sokoni, humfanya mtu afikiri kidogo kabla ya kuchukua. Mtu aliyetoa fedha pia huwa mwepesi zaidi kutafuta dawa mnyama anapougua. Lakini fedha pekee haitoshi. Ni vyema mtoaji afike nyumbani kwa mpokeaji, akae, anywe chai, na macho yake yatembee.

Atazame nini? Kwanza banda. Sungura anatakiwa aweze kuruka hatua tatu mfululizo na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa dari. Banda la kuku la kuazima, lenye sakafu ya waya mtupu, humchubua nyayo hadi zikatunga usaha. Pili, kivuli. Sungura huhimili baridi kuliko joto, na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, nyuzi joto hupita 30 kila siku. Banda lililo chini ya bati tupu saa nane mchana ni sawa na tanuri. Mwembe uani una thamani kuliko banda la gharama. Familia isiyo na mti inaweza kugandisha maji kwenye chupa ya plastiki, kuizungushia kitambaa na kumwekea sungura ailalie.

Tatu, maadui. Mbwa na paka kila mtu huwafikiria. Wachache huwakumbuka kunguru, ambao Dar es Salaam inawajua vizuri, nao huchukua mtoto wa sungura mchana kweupe. Au nguchiro, nyoka na panya wanaopenya usiku. Au siafu, ambao wakiingia kiotani hawabakizi kitu. Wavu wenye matundu madogo na miguu ya banda iliyosimamishwa ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo huzuia mengi ya hayo.

Nne ni chakula, na hapa swali moja linatosha: "Mtamlisha nini?" Anayejibu karoti amejifunza kwenye vitabu vya picha. Karoti ina sukari nyingi na ni ya kuonja tu. Sehemu kubwa ya chakula cha sungura ni nyasi, mbichi na kavu, kwa sababu meno yake hukua maisha yake yote na hupunguzwa kwa kutafuna, na utumbo wake husimama kufanya kazi ukikosa nyuzinyuzi. Majani ya viazi vitamu, mchicha na mchunga ni nyongeza nzuri. Mabaki ya ugali, wali na mkate si chakula chake. Parachichi, tunda na majani yake, ni sumu kwake. Vivyo hivyo majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanaidi. Nyasi za kando ya barabara, zenye vumbi la magari na mikojo ya mbwa, zisitegemewe.

Jambo la tano halionekani kwa macho, nalo ni muda. Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi 12. Mtoto wa darasa la nne anayemchukua leo anaweza kuwa amemaliza kidato cha sita sungura akiwa bado hai. Kwa hiyo anayekabidhiwa ni mtu mzima wa nyumba. Mtoto anaweza kuleta majani na kufagia banda, lakini jukumu si lake. Anayeishi nyumba ya kupanga aulizwe kama mwenye nyumba amekubali. Shule na vituo vya kulea watoto huwa tayari sana kupokea, na baadhi hutunza vyema. Hata hivyo swali la kuwauliza ni nani atakayelisha wakati wa likizo ya Desemba. Likikosa jibu lenye jina la mtu, ni heri kutafuta kwingine.

Lipo wazo linalorudi kila mara watu wa kuwapokea wanapokosekana: kuwaachia porini. Lugha yenyewe huchangia kosa hili. Kiswahili humwita sungura yule wa bandani, na humwita sungura yule anayekimbia katika mbuga, ambaye ndiye mjanja wa hadithi za fisi na simba. Kumbe ni wanyama wawili tofauti. Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, anayeishi kwa kuchimba mashimo na kuzaa watoto vipofu wasio na manyoya. Wa mbuga za Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, ni wa jenasi ya Lepus, ambao huzaliwa juu ya ardhi wakiwa na manyoya na macho wazi, na hawawezi kuzaliana na yule wa bandani. Kumpeleka sungura mweupe wa Kinondoni katika pori la Kisarawe si kumrudisha kwao. Rangi yake humtangaza, hajui kujificha, na usiku wa kwanza au wa pili huwa ndio wa mwisho.

Panapokosekana wanyama wa kutosha wa kuwala, matokeo huweza kuwa kinyume na mabaya zaidi. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa jimbo la Victoria nchini Australia, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza kwa ajili ya kuwinda. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulithibitisha kuwa uvamizi mkubwa wa sungura unaoitesa nchi hiyo hadi leo ulianzia hapo. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtwika anayefuga mnyama wajibu wa ustawi wake.

Zikitimia wiki nane na wapokeaji wakiwa wamepatikana, linabaki kosa lililoanzisha yote: jinsia. Mtoto hushikwa kwa kupakatwa, kamwe si kwa masikio, na ngozi iliyo mbele ya tundu la haja kubwa hubonyezwa taratibu. Dume huonyesha kijimrija cha mviringo. Jike huonyesha mpasuko. Katika umri huo hata mwenye uzoefu hukosea, kwani kende za dume huteremka katika wiki ya kumi hadi ya 12, na hata baada ya hapo anaweza kuzivuta ndani akiogopa. Kila mpokeaji aambiwe aangalie tena, au ampeleke kwa daktari wa mifugo, mtoto afikapo wiki ya 12. Baadhi ya sungura wadogo wa umbo hupevuka wakiwa na miezi mitatu na nusu tu.

Sungura hapendi upweke, kwa hiyo ni vyema watoke wawili wawili. Dada wawili huelewana kwa kawaida. Ndugu wawili wa kiume hulala pamoja kwa amani hadi wanapopevuka, kisha huumana vibaya, tena sehemu za siri, wasipohasiwa. Kwa watoto wanane hesabu inakuwa nyumba nne, jambo linalorahisisha kazi. Daftari moja liandikwe tarehe ya kuzaliwa, rangi, jinsia iliyodhaniwa na namba ya simu ya aliyechukua.

Safari iwe ya asubuhi mapema au jioni, ndani ya boksi lenye matundu na nyasi chini, si ndani ya kiroba kilichofungwa nyuma ya bodaboda. Pamoja na sungura apelekwe chakula alichozoea, cha kutosha wiki moja, ili kipya kichanganywe kidogo kidogo. Mpokeaji aelezwe kuwa sungura asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari siku iyo hiyo. Aambiwe pia kuwa akishindwa kumfuga, mlango uko wazi kumrudisha.

Huenda wawili wakarudi kweli. Huenda pia wawili wasipate mtu kabisa, na kwa kawaida huwa ni madume. Hao hubaki na baba yao upande wa pili wa ua, kila mmoja katika chumba chake, hadi siku ya kuhasiwa na wiki sita baada yake.