Urefu, Umbali na Mwinuko: Istilahi za Wapanda Mlima

Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mfasiri wa maelekezo ya kupanda mlima, la kwanza ni urefu. Husemwa kwamba Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Husemwa pia kwamba njia ina urefu wa kilomita kadhaa. Katika mazungumzo, muktadha hutosha kuzitenganisha maana hizo. Katika maelekezo ya usalama hautoshi.

Madaktari hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, mahali anapolala pasizidi pale pa jana yake kwa zaidi ya mita 500 hivi. Ikiandikwa "asipite urefu wa mita 500 kwa siku", msomaji atadhani anakatazwa kutembea, naye atalipuuza agizo lenyewe. Kutoka kituo cha Mandara (mita 2,720) hadi Horombo (mita 3,720) mtu hutembea zaidi ya kilomita 10, lakini hupanda mita 1,000 tu kwenda juu. Ndiyo sababu wengi hulala Horombo siku mbili, mwili uzoee, kabla ya kuelekea Kibo.

Kwa hiyo twapendekeza umbali litumike kwa njia, na mwinuko kwa kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Urefu libakie kwa kamba, hema na vitu vya namna hiyo.

Hapo ndipo linapopatikana jina ugonjwa wa mwinuko. Kileleni kanieneo ya hewa ni yapata nusu ya ile ya pwani. Ugonjwa huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu. Ukizidi, mapafu hujaa maji au ubongo huvimba, na mgonjwa huweza kufa. Kuuita uchovu au baridi ni hatari: mchovu hupumzishwa, mwenye baridi hufunikwa blanketi, bali mgonjwa huyu sharti ateremshwe mara moja.

Yafaa pia kutofautisha kupanda na kukwea. Kibo hupandwa kwa miguu. Majabali ya Mawenzi hukwewa kwa mikono na kamba.

Mfasiri na mwalimu wakumbuke kwamba msomaji wa maneno haya huenda yuko mbali na hospitali, na karatasi aliyoishika ndiyo mshauri wake.