Sura ya Tano: Gazeti Lisilochacha Njiani

Gazeti la kila siku linapofika Karatu, habari zake zimeshasikika. Limechapwa Dar es Salaam, likasafirishwa hadi Arusha, kisha likapakiwa kwenye gari jingine kwa kilomita zipatazo 140: Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Rhotia, ndipo stendi. Huku nyuma, redio na televisheni zimelipitia tangu alfajiri. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, aliagiza vituo viishie kwenye vichwa vya habari, ili anayetaka undani anunue nakala yake. Nia ilikuwa njema, lakini kwa mkazi wa Karatu kichwa cha habari kinatangulia na gazeti linafuata kwa kuchelewa, na katikati hapo jirani ameshamaliza kusimulia.

Kwa sababu hiyo nawashauri vijana wanaotaka kuijua biashara hii waanze kuitazama wakiwa mbali na mtambo wa uchapaji. Ukikaa Dar es Salaam ni rahisi kudhani gazeti linauza habari mpya. Ukisimama kwenye meza ya magazeti mahali kama Karatu unaanza kujiuliza swali jingine: ni gazeti gani linaweza kuchelewa siku nzima na bado mtu akatoa fedha mfukoni?

Aliyelijibu swali hilo kwa vitendo kuliko wengi ni Eric Shigongo. Wasomaji wengi wanamjua kama mtunzi wa hadithi za kusisimua, na wengine kama mbunge wa Buchosa aliyechaguliwa mwaka 2020, lakini katika sura hii namzungumzia kama mwenye magazeti. Kampuni yake, Global Publishers, ilianza mwaka 1998 na gazeti la Uwazi. Wengine wangehangaika kuligeuza Uwazi liwe la kila siku, waingie vitani na makampuni makubwa. Shigongo aliongeza majina. Ukafika wakati karibu kila siku ya wiki ikawa na gazeti lake: Jumatatu Ijumaa Wikienda, Jumanne Uwazi, Jumatano Risasi Mchanganyiko, Alhamisi Amani, Ijumaa gazeti la Ijumaa lenyewe, Jumamosi Risasi Jumamosi. Pembeni likawekwa Championi kwa wapenzi wa soka.

Tuuangalie mpango huu kihesabu. Chumba cha habari ni kimoja, wapiga picha ni walewale, gari la kusambaza ni lilelile. Kinachobadilika ni ukurasa wa mbele na tabia ya gazeti. Gazeti la kila siku lisipouzwa leo, kesho ni la kufungia maandazi. Mwenye kampuni anapokea marejesho na hasara. Gazeti la wiki lina siku saba za kukaa mezani. Uwazi la Jumanne likifika Karatu mchana au hata Jumatano, halijachacha. Na muuzaji anapenda meza yenye majina mengi, kwa kuwa aliyenunua Amani hana sababu ya kuacha Risasi.

Ila majina peke yake hayauzi. Kilichomrudisha msomaji kila wiki, kwa maoni yangu, ni hadithi za kuendelea. Shigongo alizitunga mwenyewe, na *Rais Anampenda Mke Wangu* ni mojawapo ya zilizompa jina. Fungua kurasa za ndani za gazeti moja la namna hiyo: safu nyembamba zilizobanana, mchoro wa mwanamke anayelia au mwanamume mwenye bastola, na mwishoni mhusika ameachwa mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, sauti ya mtu aliyedhaniwa amekufa inamwita kwa jina. Aliyesoma hapo hawezi kukaa. Akikosa toleo moja analitafuta kwa rafiki, au anamwomba muuzaji amwekee. Hadithi haina saa ya kuisha muda wake, na kwa mji ulio mwisho wa njia hiyo ni faida kubwa kuliko habari yoyote ya Bunge.

Kuna upande mwingine wa biashara hii, nao lazima usemwe waziwazi. Magazeti pendwa, kama tasnia inavyoyaita, yalikula pia kwa udaku. Ndoa za wasanii, fumanizi, picha za watu walionaswa wakiwa katika hali ya aibu: hivyo vilijaza kurasa za mbele kwa herufi nyekundu na njano. Yapo yaliyofichua matapeli na kuwasaidia wagonjwa waliochangiwa na wasomaji, nami nayaheshimu kwa hilo. Lakini mtu wa kawaida aliyewekwa ukurasa wa mbele hakuwa na gazeti la kujibia. Anayetaka kuiga mpango wa Shigongo, na namsihi auige, achukue ratiba na hadithi, na aiache aibu ya jirani.

Wengine walichonga njia tofauti kwa mantiki hiyohiyo ya msomaji maalumu. Mwaka 1993 mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu na wenzake walianzisha Rai, gazeti la wiki la uchambuzi, na 2007 likaja Raia Mwema kwa roho ileile. Uchambuzi nao hauchachi upesi. Mwalimu wa sekondari anaweza kuusoma siku tatu baadaye na ukabaki na uzito wake. Tanzania Daima la familia ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe lilikuwa gazeti la kila siku, lakini lilikuwa na wasomaji wake maalumu pia: watu wa upinzani. Karatu ilikuwa uwanja wa asili kwa gazeti la aina hiyo, maana Willibrod Slaa alikuwa mbunge wa hapo kupitia chama cha upinzani cha Chadema kuanzia 1995 hadi 2010. Udhaifu wa gazeti linalofungamana na upande mmoja ni kwamba hatima yake inafungamana na siasa za upande huo. Leseni ya Tanzania Daima ilifutwa Juni 2020, na kufuli likafunguliwa Februari 2022.

Arusha nako kulikuwa na Arusha Times, la Kiingereza, lililotoka kila wiki, na mchapishaji wake William Lobulu. Katika mkoa unaoishi kwa watalii, lugha hiyo iliwavutia watangazaji wa hoteli na kampuni za safari. Mkulima hakuwa mlengwa wake, na sidhani kama ni haki kulilaumu. Gazeti humfuata anayelilipia.

Sasa tupande hadi lango la Lodoare, tuingie Hifadhi ya Ngorongoro, zaidi ya kilomita za mraba 8,000, makao ya wafugaji tangu kabla eneo hilo halijatengwa mwaka 1959. Humo meza ya magazeti si kitu cha kutegemea. Boma na boma ni mwendo, fedha taslimu ni za siku ya mnada, na wazee wengi lugha yao ni Kimaasai. Chombo kilichofaa ni redio. Mfano wa mwanzo ulitoka Simanjiro, kijiji cha Terrat, ambako Redio Orkonerei ilianza mwaka 2002 ikiwa na vipindi vya Kimaasai. Wilaya ya Ngorongoro ikapata Loliondo FM, redio ya jamii iliyosaidiwa na UNESCO. Mfugaji anasikiliza akiwa nyuma ya ng'ombe wake, hanunui kitu. Tatizo likahamia kwingine: asiponunua, nani analipa mafuta ya jenereta na posho ya mtangazaji? Redio nyingi za jamii zimeegemea wafadhili, na mradi unapokwisha ndipo nguvu yake halisi inapopimwa.

Kisha simu ikaja ikauondoa umbali wenyewe. Shigongo aliliona mapema, akaanzisha Global TV Online, na watu walewale waliokuwa wakisubiri gazeti stendi wakawa wanatazama video kabla ya chai. Dereva wa utalii anayesubiri wageni nje ya hoteli anaona mahojiano dakika ileile anayoyaona mtu wa Sinza, Dar es Salaam. Kwa msomaji ni neema. Kwa mchapishaji, ile faida ya gazeti lisilochacha imepungua, kwani hadithi nazo ziko simuni, na fedha ya tangazo inapitia kwanza kwa YouTube. Juu yake ipo serikali: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi milioni 1 na nyingine milioni 1 kila mwaka, viwango vilivyopunguzwa baadaye. Kwa kampuni ya Dar es Salaam hizo zilikuwa gharama za kawaida. Kwa vijana watatu wa Karatu wenye kamera moja, zilikuwa mtaji mzima.

Vijana hao ndio ninaowafikiria zaidi, kwa sababu kazi ya kufanya ipo. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, inalima vitunguu vinavyofuatwa na wanunuzi kutoka Kenya. Mkulima wa pale anahitaji kujua bei ya leo Arusha na Nairobi, hali ya maji ya mfereji, dawa ipi ni feki. Ng'ambo ya lango la Lodoare, habari kubwa ya miaka ya karibuni, ya wakazi wa Ngorongoro kuhamia Msomera wilayani Handeni kuanzia Juni 2022, iliandikwa sana na vyombo vya mbali, wakati wanaohusika hawana gazeti lao hata moja. Wasomaji wapo, tena wana sababu nzito za kusoma kuliko waliokuwa wakinunua Risasi. Mwenye mtaji anayesoma sura hii asianze na mtambo wala jengo. Aanze na bei ya vitunguu kila Jumatatu kwenye simu, hadithi ya kuendelea kila Ijumaa, na mwandishi mmoja anayeishi Mang'ola, anayelipwa kwa wakati.