Lemaire aliyehamia Japani na soko linalomlipa

Machi 2015, Chama cha Mbio za Farasi cha Japani, JRA, kiliwapa leseni ya mwaka mzima majokii wawili kutoka Ulaya: Christophe Lemaire wa Ufaransa na Mirco Demuro wa Italia. Kabla yao hakuna mgeni aliyewahi kuipata. Lemaire alikuwa na umri wa miaka 35. Kwao alikuwa mtu wa kuheshimika: alishinda Prix du Jockey Club mwaka 2009 na Melbourne Cup ya Australia mwaka 2011, na kwa muda alikuwa jokii wa farasi wa Aga Khan, hadi nafasi hiyo iliporudi kwa Christophe Soumillon. Jina alikuwa nalo. Alichokosa Ufaransa ni soko linalolipa mbio za kila wiki, si zile kubwa tu.

Jokii anaishi kwa asilimia. Japani, mshindi anapopewa zawadi, mwenye farasi huchukua 80%, mkufunzi 10%, wahudumu wa zizi 5% na jokii 5%. Asilimia hiyo ni ndogo kuliko ya Hong Kong, ambako jokii hupata 10%. Lakini zawadi yenyewe ni donge nono. Japan Cup ya 2023 ilimpa mshindi yeni milioni 500. Lemaire alikuwa juu ya farasi Equinox aliyeshinda, kwa hiyo sehemu ya jokii ilikuwa yeni milioni 25 kwa kazi isiyozidi dakika tatu. Kwangu hesabu ya maana zaidi iko chini kabisa, kwenye mbio za farasi wanaoshindana kwa mara ya kwanza. Hata hizo humpa mshindi yeni milioni 7 hivi. Jokii mwenye farasi wazuri Jumamosi na Jumapili, kwenye mbio 12 za uwanja mmoja kwa siku, ana mshahara wa uhakika hata asiposhinda kombe lolote.

Fedha hizo zinatoka kwa wanaobeti. JRA ndiyo inayoendesha viwanja 10, inaandaa mbio, inauza tiketi za dau na kupanga zawadi. Mashabiki huweka zaidi ya yeni trilioni 3 kwa mwaka. Takribani robo inakatwa kabla ya washindi kulipwa, na 10% ya mauzo yote inaingia hazina ya taifa. Uingereza sehemu kubwa ya dau huishia kwa kampuni binafsi za kamari, na viwanja hulilia mgawo. Ufaransa dau hukusanywa pamoja kama Japani, lakini kapu hilo hugawanywa na mbio za farasi wa kukokota vigari, ambazo huko zina wapenzi wengi mno. Ndiyo maana uwanja wa Chantilly wa Ufaransa, pamoja na fahari yake yote, haiwezi kumlipa jokii kama Tokyo inavyomlipa.

Ukiwa na soko tajiri hivyo, lazima uweke mlango. Mgeni hupewa leseni fupi, isiyozidi miezi mitatu kwa mwaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lemaire, aliyekuwa akija tangu 2002, aliomba jembe mwenyewe. Alijifunza Kijapani, akafanya mtihani, akahamia Kyoto, karibu na kituo cha mazoezi cha Ritto. Mwanzo ulikuwa mchungu. Majokii hufungiwa bwenini kabla ya siku ya mbio bila mawasiliano ya nje, ili siri za farasi zisiwafikie wanaobeti. Lemaire alitumia Twitter humo ndani, akafungiwa siku 30 hata kabla ya kuanza. Ninaiona adhabu hiyo kuwa ya haki: anayeweka dau akishuku mchezo, kapu zima la zawadi linakauka.

Mwaka 2017 aliibuka bingwa wa majokii wa JRA, mgeni wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2018 alishinda mara 215, akaivunja rekodi ya 212 ya jokii Mjapani Yutaka Take iliyokaa tangu 2005. Mwaka huohuo alikuwa na Almond Eye, farasi jike aliyemaliza kazi yake na mataji tisa ya daraja la kwanza. Almond Eye na Equinox wote walizaliwa Northern Farm, Hokkaido, na kumilikiwa na klabu ya Silk Racing, ambapo farasi mmoja hugawanywa hisa 500 na mwananchi wa kawaida hununua yake. Wenye hisa ni wengi, na wote wanataka jokii anayeshinda bila kujali alizaliwa wapi. Hapo ndipo mgeni alipopata nguvu ya kweli.

Wakenya nao wanaijua njia hiyo ya kwenda Japani, ila kwa miguu. Douglas Wakiihuri na baadaye Samuel Wanjiru walikulia kiriadha Japani, ambako kampuni huajiri wakimbiaji, kabla dunia haijawafahamu.

Hata hivyo, mlango wa JRA haujapanuka kwa kila jokii hodari. João Moreira wa Brazil, aliyeshinda mara 170 Hong Kong katika msimu wa 2016/17, aliacha nafasi yake huko akaomba leseni ya Japani mwaka 2018. Alishindwa mtihani wa maandishi wa hatua ya kwanza, akarejea Hong Kong. Nadhani JRA ilijinyima: mashabiki wa uwanja wa Sapporo walikuwa wameshaonja ushindi wake kiangazi hicho, na dau hufuata jokii wa namna hiyo. Miaka iliyofuata amerudi Japani kupanda, kwa leseni fupi ya wageni.