Supu ya maharagi na lengalenga: sufuria moja kwa nyumba yenye wageni



Katika Mangina, mji mdogo ulio kilomita kama 30 kutoka Beni, mama wengi wanaijua hesabu hii ya jioni: watu wameongezeka, chakula hakikuongezeka. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni, familia nyingi zimekimbia vijiji vyao. Wengi hawakwenda kambini. Walipokelewa katika nyumba za ndugu, za marafiki na za washiriki wa kanisa. Nyumba iliyolala na watu sita inaweza kuamka na watu kumi. Na mwenye nyumba naye pengine anaogopa kufika kwenye shamba lake la mbali.

Katika hali kama hiyo, mama hapiki tu kwa kujaza tumbo. Watoto wanahitaji kukua, mama mwenye mimba anahitaji damu, na mgeni anahitaji kuona kwamba hakukaribishwa kwa manung’uniko. Tunataka kueleza hapa chakula kimoja kinachoweza kubeba mzigo huo: supu ya maharagi na majani mabichi. Si chakula cha kuonea haya. Kikipikwa vizuri, kinalisha kweli.

Kwa nini maharagi na majani pamoja

Kwetu, bugali wa muhogo ndio unaoshibisha, lakini muhogo karibu hauna protini, yaani kile kinachojenga mwili. Mtoto anayekula bugali na mchuzi mwepesi kila siku anaweza kuonekana ameshiba huku mwili wake unadhoofika. Maharagi makavu yana kama gramu 21 za protini katika gramu 100. Yana pia madini ya chuma, ambayo mwili unayatumia kutengeneza damu. Ndiyo maana watafiti walileta katika Kivu mbegu za maharagi zenye chuma kingi kuliko zile za kawaida, ukizipata, panda.

Majani nayo yanaleta vitu ambavyo maharagi hayana vya kutosha. Lengalenga, matembele, majani ya boga na majani machanga ya maharagi yana vitamini A inayolinda macho, na vitamini C inayosaidia mwili kupokea chuma cha maharagi. Kijiko cha mafuta ya mawese kinasaidia pia, kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta ili ipite mwilini. Lakini chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula zinazuia chuma. Sisi tulio katika nchi ya kahawa tukumbuke kuziacha mpaka saa moja au zaidi ipite baada ya kula.

Vinavyohitajika kwa watu sita mpaka wanane

Maharagi makavu nusu kilo. Lengalenga mafungu mawili makubwa. Vitunguu viwili. Tomati tatu zilizoiva. Mafuta ya mawese vijiko vikubwa viwili. Chumvi kijiko kidogo kimoja na kidogo zaidi ukipenda. Maji safi kama lita tatu za kupikia, mbali na yale ya kulowesha. Ndimu moja ikiwepo.

Namna ya kupika

Jioni ya siku ya kwanza, chagua maharagi. Ondoa mawe, udongo na yale yaliyooza au kutobolewa na wadudu. Yaoshe, kisha yaloweshe katika maji mengi usiku mzima, saa nane mpaka kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo na kuosha tena. Kulowesha kunapunguza muda wa kupika, na kumwaga maji yale kunapunguza gesi inayosumbua tumbo.

Weka maharagi katika sufuria na maji mapya, juu ya moto mkali. Yakianza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi. Hatua hii isirukwe. Maharagi, zaidi yale mekundu, yana ndani yake sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Mchemko wa nguvu unaiharibu, lakini moto mdogo usiofikia kuchemka hauiharibu. Baada ya hapo, punguza moto, funika, na uache mpaka yawe laini kabisa.

Usiweke chumvi, tomati wala ndimu mwanzoni. Uchachu wa tomati na wa ndimu unakaza ganda la haragi, na utateketeza makala bure. Subiri mpaka haragi moja likisagika kwa urahisi kati ya vidole viwili. Maharagi yaliyolowekwa huchukua saa moja mpaka saa moja na nusu. Yale ya zamani huchukua zaidi. Mama aliyehama kutoka Butembo kwenda Mangina ataona tofauti pia. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1 700, na huko maji yanachemka kabla ya kufikia joto la nyuzi 100, kwa hiyo maharagi yanakawia. Mangina iko chini zaidi, na hapo yanaiva mbele kidogo.

Wengine hutia magadi ili yaive upesi. Ni kweli yanalainisha, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini. Kulowesha usiku ni njia iliyo bora, na haina bei.

Maharagi yakiwa laini, chota vikombe viwili, yaponde kwa mwiko mpaka yawe uji, na kuyarudisha ndani. Hiyo ndiyo inayofanya supu iwe nzito bila unga. Katika sufuria ndogo pasha mafuta ya mawese, tia vitunguu, halafu tomati, mpaka zilainike. Mimina vyote katika maharagi, tia chumvi, na uache vichemke pamoja dakika 10.

Mwisho kabisa ni majani. Yaoshe katika maji safi mara mbili au tatu, halafu uyakate. Ukikata kwanza na kuosha baadaye, sehemu ya nguvu yake inaenda na maji. Tia majani katika supu inayochemka kwa dakika tano mpaka nane tu, na uondoe sufuria yangali na rangi ya kijani. Kamua ndimu juu yake wakati wa kugawa.

Jua jani unalotia

Sombe haifuati njia hii. Majani ya muhogo yana sumu, na ni lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa ili itoke. Mwenye sombe aipike kwanza mpaka iive kabisa, ndipo aichanganye na maharagi. Tena, watu waliokimbilia mahali pageni wanaweza kuona porini jani linalofanana na lile la kwao, kumbe silo. Biblia ina habari ya namna hii katika 2 Wafalme 4. Wakati wa njaa kule Gilgali, mtu mmoja alitoka kutafuta mboga, akachuma matunda ya mwituni asiyoyajua na kuyakatia katika sufuria ya manabii. Walipoonja, walipiga kelele kwamba mauti imo ndani. Alichuma kwa nia nzuri ya kulisha wenzake. Njaa haimpi mtu ujuzi wa majani. Basi tuwaulize wenyeji kabla ya kuchuma.

Kupunguza makala

Makala ni gharama kubwa katika nyumba nyingi, na kwenda mbali kutafuta kuni kumekuwa hatari kwa wamama. Kuna njia ya zamani inayosaidia. Maharagi yaliyolowekwa yakisha kuchemka kwa nguvu dakika 30, funika sufuria vizuri, itie katika kapu lililojazwa majani makavu ya ndizi, na uzungushie blanketi nzito. Joto lililomo litaendelea kupika saa tatu au nne bila mbabula. Kisha irudishe motoni, ichemke tena vizuri, na umalizie kwa vitunguu, tomati na majani. Usifupishe mchemko wa kwanza, na usile bila ule wa pili.

Wageni wakiongezeka

Wakati watu wanaongezeka, mkono unakimbilia maji. Lakini maji peke yake yanaongeza sahani, hayaongezi chakula. Ongeza fungu la majani, ponda maharagi zaidi, au tia vipande vya viazi vitamu au ndizi mbichi. Ukijua tangu jana kwamba watu wanakuja, lowesha kikombe kimoja zaidi cha maharagi.

Chotea watoto kutoka chini ya sufuria, kule maharagi yaliko, si mchuzi wa juu tu. Mtoto aliyefikisha miezi sita anaweza kuanza kupata maharagi yaliyopondwa na kuchujwa maganda, pamoja na maziwa ya mama. Kabla ya kufika umri huo, maziwa ya mama yanamtosha.

Watu wote wanawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Mangina hatuhitaji kufundishwa sababu yake. Ni hapa ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu zaidi ya 2 200 kufa katika jimbo letu na majirani. Ndoo ya maji mlangoni ilitulinda wakati ule. Inafaa ibaki mlangoni hata leo. Supu iliyobaki isilale hivi hivi katika joto. Ichemshwe tena mpaka ndani kabla ya kuliwa, na ikiwa imechacha, imwagwe.

Meza ya mkimbizi

Wengine wanasema maharagi ni chakula cha maskini, si cha kumpa mgeni. Tusome 2 Samweli 17. Mfalme Daudi alikuwa amemkimbia mwana wake Absalomu, akafika Mahanaimu pamoja na watu wake. Watu watatu wa pande zile, Shobi, Makiri na Barzilai, waliwaletea vitanda, vyombo na chakula, na kati ya vyakula hivyo mna maharagi na dengu. Waliona kwamba watu hao wana njaa, wamechoka na wana kiu, wakaleta walivyokuwa navyo. Hata mfalme, siku aliyokuwa mkimbizi, alikula maharagi ya wale waliompokea.

Wamama wa kanisa wanaotaka kuanza wanaweza kufanya hivi: kila nyumba itoe kikombe kimoja cha maharagi siku ya ibada, na nyumba zenye wageni zigawiwe katikati ya juma. Na yeyote mwenye nafasi ndogo nyuma ya nyumba apande lengalenga. Katika majuma matatu au manne anaweza kuanza kuchuma, bila kwenda shamba la mbali.