Kabla ya kuishusha gia boksi

Jumapili ya leo naomba tukae kidogo chini ya mwembe, Kabanga, jirani na mji wa Kasulu mkoani Kigoma, tumtazame fundi akifungua mkono wa gia wa gari kuukuu. Usigeuze ukurasa kwa sababu huna gari. Mimi pia sina.

Nilikwenda Kabanga kumjulia hali mama mkwe, aliyekuwa amelazwa hospitali. Nikienda ukweni lazima nizungushwe kwa wazee wote, na salamu za Waha si za kupita njia. Mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anakuuliza habari za nyumbani kwako mpaka za mifugo usiyokuwa nayo. Katika mzunguko huo nilifikishwa kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kijiji kizima kinamwita Mwalimu tu. Nilimkuta ameketi mbele ya gari lake, kimya kama mtu aliyefiwa.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya toleo la 40, yale yaliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1960 na kukoma mwaka 1984. Kama una umri wangu unayakumbuka: uso bapa, taa mbili za mviringo, bawaba za milango ziko nje, na ndani hakuna cha kukubembeleza. Magari ya namna ile ndiyo yaliyobeba mapadri, wachungaji, wauguzi na masanduku ya chanjo kwenye barabara nyekundu za nyanda zile wakati lami ilikuwa ndoto. Mwalimu alilinunua mnadani. Tangu hapo mjamzito akizidiwa usiku watu hawaulizani waende wapi. Wanagonga kwa Mwalimu.

Sasa gari likawa linakataa gia. Mkono wa gia ulilegea ukawa kama mwiko kwenye sufuria ya uji. Unatafuta namba mbili, unaikuta namba nne. Unatafuta namba moja mlimani, hupati kitu, gari linaanza kurudi nyuma na wagonjwa wako. Fundi mmoja akamwambia: gia boksi imekufa, ni kuishusha, na ukishaishusha spea za gari la zamani hivi utazipata wapi? Uza chuma chakavu upate chochote. Watoto wa Mwalimu walioko mijini wakaunga mkono kwa simu. Mnunuzi akapatikana, aje Jumamosi. Bei aliyoitaja siiandiki, namwonea Mwalimu haya.

Ilikuwa Alhamisi. Jirani mmoja akasema, kabla ya huyo mtu wa vyuma kufika, mwiteni yule fundi wa Makere.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui kwa nini Kasulu na Kibondo kuna mafundi wazuri sana wa Land Cruiser. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia, baadhi yao wakiingia Tanzania. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine kuvuka Ziwa Tanganyika, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Makere. Mashirika ya misaada yakaja na magari, na magari yakahitaji mikono. Vijana wa vijijini waliingia kubeba matairi wakatoka mafundi. Huyu alikuwa mmoja wao, sasa ana mvi, na spana zake anazibeba kwenye mfuko wa salfeti.

Alipofika hakuuliza gari lina ugonjwa gani. Alimsalimu Mwalimu, akanywa maji, kisha akauliza, "Mwalimu, linakataa wapi hasa?"

Mwalimu akaanza kueleza kwamba gari limechoka, kwamba zama zake zimepita. Fundi akamkatiza kwa adabu. "Hapana mzee wangu. Ukishaipata namba mbili, inatoka yenyewe?" Haitoki. "Inapiga kelele?" Haipigi. "Gari linavuta?" Linavuta vizuri.

"Basi gia boksi haina kosa," akasema, akavua viatu akaingia ndani ya gari.

Nivumilie nikueleze kidogo alichonionyesha, maana ndicho kilichoninyima usingizi. Mkono wako wewe dereva haugusi gia. Mkono unashika kichwa cha ule mti wa gia. Katikati ya mti huo kuna tufe la chuma linaloketi kwenye kikalio, na hapo ndipo mti unapogeukia. Ncha yake ya chini inaingia kwenye vichwa vya vyuma vitatu vinavyosukuma gia, na ncha hiyo imevishwa bushi ndogo ya plastiki, haizidi pete ya kidoleni. Bushi ikilika milimita chache tu huko chini, huku juu mkono unacheza shubiri nzima. Dereva anasukuma kwa nia njema kabisa, gia ziko tayari kabisa kumpokea, ila kilicho katikati hakifikishi.

Kwanza alisafisha. Gari lilikuwa mahali tambarare, mawe yamewekwa kwenye matairi, gia huru. Akaondoa zulia, akafungua kichwa cha mti, akalegeza parafujo za ule mpira unaofunika, kisha akaomba brashi, mafuta ya taa na kitambaa. Akasugua tope la miaka pale panapoingilia mti wa gia kabla hajafungua chochote. Nilimwambia anapoteza muda. Akanijibu kuwa punje ya mchanga ikidondokea ndani, ndipo gia boksi itakufa kweli, na atakayekuwa ameiua ni yeye aliyekuja kuiponya. Ndugu yangu, nimekaa kwenye vikao vingi vya usuluhishi kanisani ambako tulifungua kwanza, tena mbele ya watu thelathini, ndipo tukaanza kutafuta kitambaa.

Kufungua kwenyewe kulikuwa kwa dakika moja. Kile kifuniko unakikandamiza chini dhidi ya springi, unakizungusha kinyume cha saa, kinaachia. Mti mzima ukatoka mkononi mwake. Hakuna kilichoshushwa. Akaziba tundu kwa kitambaa safi, akatuonyesha ncha. Bushi haikuwepo. Mahali pake fundi fulani wa zamani alikuwa amezungushia ukanda wa mpira wa tairi, na mpira ule ulikuwa umeoza na kuwa kama ugoro. Kikalio cha tufe nacho kilikuwa kimelika upande mmoja.

Mwalimu aliangalia kile kipande cha mpira kwenye kiganja cha fundi. "Ndicho hiki?" Fundi akasema ndicho.

Mpendwa, hapo nilikumbuka habari iliyomo katika Wafalme wa Pili, sura ya 6. Wanafunzi wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani, chuma cha shoka la mmoja wao kikachomoka na kuzama majini, na uchungu wake ulikuwa mara mbili kwa kuwa shoka lilikuwa la kuazima. Elisha hakumkaripia, wala hakumhubiria kuhusu kutunza mali za watu. Alimwuliza mahali kilipoangukia. Yule mtu akamwonyesha mahali penyewe, hakuonyesha mto mzima. Hapo nabii akatupa kipande cha mti, chuma kikaelea. Nimeisoma habari hiyo miaka mingi nikitazama muujiza wa chuma kuelea. Swali la Elisha nililiruka kila mara.

Sisi watu wa kanisa ni wepesi sana kutangaza kuwa gia boksi imekufa. Ndoa ile imekwisha. Kwaya ile imeoza. Mtoto yule ni mbegu mbaya. Tunataja mto mzima. Niseme pia, kuna gia boksi zilizokufa kweli. Mwanamke anayepigwa na mumewe asiambiwe na mtu yeyote, awe mchungaji au katekista, kwamba akatafute bushi. Huyo atolewe kwenye gari kwanza. Lakini mengi tunayoyatupa kwenye chuma chakavu hayajafikia huko.

Mimi nina mdogo wangu ambaye kwa miaka sita hatukuwa tunaongea. Watu wakiniuliza, nilikuwa na jibu langu: yule tabia yake tangu utotoni ni ngumu. Nilikuwa na mifano ya kutosha, nimeipanga kama mwanasheria. Nikiwa nimesimama pale Kabanga huku fundi akichokoa masalia ya mpira kwa waya uliopindwa ncha, nilijiuliza mimi na mdogo wangu tulikataa wapi hasa. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyopenda. Ni siku ya kuanua matanga ya baba yetu. Mimi ndiye kaka mkubwa, nilishika daftari la rambirambi. Hesabu ilipungua. Mbele ya wajomba, wakwe na majirani nikamtaja mdogo wangu kwa jina nikamtaka aeleze fedha ilikokwenda. Aliinuka akatoka nje. Wiki mbili baadaye shangazi aliniambia kuwa zile fedha alinunulia saruji ya kaburi, kwa kuwa fundi aligoma kujenga kwa mkopo na mimi nilikuwa nimelala. Nililijua hilo kwa miaka yote sita. Kuomba radhi niliona nitaomba siku moja, na siku ilivyochelewa nikazungushia ukanda wa mpira: kadi ya Krismasi kupitia kwa mama, mchango wa ada ya mtoto wake bila kupiga simu, vitu vya kupitishia mwaka.

Wewe je, unapafahamu mahali pako? Sikuulizi kuhusu mto.

Fundi alitoa kutoka kwenye kopo la maziwa bushi mpya na kikalio kipya. Jumla ya bei yake haikufika nauli yangu ya basi kurudi Mwanza. Akapaka grisi, akauingiza mti, ukagoma. Akautoa tena. Kumbe kile kichwa kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa kimesogea wakati wa kuchokoa. Lazima vyote vitatu viwe sawa, gia huru, ndipo ncha iingie. Akakirudisha taratibu kwa bisibisi. Hakutumia nguvu hata kidogo, na nilimwona mara mbili akiacha kazi na kupumzika mkono kwanza. Mwishowe ukaingia, akakandamiza kifuniko, akazungusha, kikashika. Injini ikiwa imezimwa akapitisha gia zote mara tatu. Kisha akampisha Mwalimu aketi yeye kwenye usukani.

Mzee alitia namba moja, akakaa nayo tu, gari limesimama, kama mtu aliyeshikwa mkono na rafiki wa siku nyingi. Mkewe alikuja mlangoni na unga mikononi.

Jumamosi yule mnunuzi alifika na pikipiki, akanywa chai, akaondoka na mkungu wa ndizi aliopewa kwa usumbufu wake. Usiku wa Jumapili waligonga kwa Mwalimu. Mimi nilisikia tu mlio wa gari ukipanda kuelekea hospitali, nikahesabu moja, mbili, tatu.

Nilimpigia mdogo wangu Jumanne, nikiwa kituo cha basi Kasulu. Alipokea mara ya tatu. Tukaongea habari za mvua, bei ya maharage na afya ya mama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuzunguka. Nikayaacha, nikamtajia siku ya matanga, daftari, na mbele ya nani nilimtaja jina. Nikamwomba radhi kwa hilo, na kwa miaka sita ya kujua nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, ila nilikuwa nasikia redio nyumbani kwake.

"Kaka," akasema, "ile saruji ilikuwa mifuko minne."